Mafuriko ya 2024 Nairobi: mshale unaorudi mtoni

Chati ya mradi sasa imechukua ukuta mzima. Katikati pameandikwa mafuriko ya Aprili 2024, pembeni zimekaa hewa, maji, ardhi na viumbe, vyote vikiunganishwa kwa mishale. Nataka kufuata tukio moja la hapa kwetu mpaka nione kila sehemu inavyoisukuma nyingine.

Upande wa hewa nimeumaliza mapema, maana umeelezwa sana. El Niño pamoja na joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi vilileta vuli nzito mwishoni mwa 2023, kisha masika ya 2024 nayo yakaja kwa nguvu.

Ardhi ndiko nilikokaa. Magharibi mwa jiji, kuanzia Karen hadi kuelekea Kikuyu, udongo ni mwekundu, wa asili ya volkano. Mashariki, Embakasi na Mukuru, kumejaa mfinyanzi mweusi, ule ambao mafundi huuchimba wote na kuutupa kabla ya kuweka msingi wa nyumba. Nilichukua kopo la rangi, nikalikata pande zote mbili, nikalididimiza ardhini, nikamimina maji na kuangalia saa. Udongo mwekundu ulikunywa polepole bila kubadilika. Mweusi ulinishangaza. Ulikuwa mkavu, wenye nyufa za kupitisha kidole, na maji ya kwanza yalipotelea humo papo hapo. Ya pili yakasita. Kufikia ya tatu nyufa zilikuwa zimefumba, udongo umevimba na kuteleza, maji yametuama juu yake. Ndiyo maana mvua ya mwanzo wa msimu yaweza kupita salama, halafu mvua kama hiyohiyo ikinyesha mwisho wa Aprili inaingia nyumbani kwa watu. Hapo bado hujahesabu mabati, saruji na lami, ambavyo havinywi hata tone.

Mshale wa maji ni mrefu kuliko yote. Mto Nairobi unatoka kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Mathare na Ngong inaungana nao upande wa mashariki, kisha wote unamwagikia Athi. Athi ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, na karibu na bahari unaitwa Sabaki, ukiishia kaskazini mwa Malindi. Kwa hiyo tope linalosombwa Mathare lina njia ya kufika kwenye matumbawe. Msimu wa mvua bahari ya Malindi hugeuka kahawia, na nyasi za baharini hukosa mwanga. Huku juu viumbe wanaoumia ni sisi: vyoo vinafurika, kipindupindu kinapata njia, mbu wanapata madimbwi.

Lakini si tope lote linalofika Malindi, na hapa ndipo mradi umenishika kweli. Jingine hubaki limenaswa na plastiki chini ya madaraja, na sakafu ya mto inainuka. Mama mmoja anayelima sukuma wiki kando ya mto aliniambia, "Kijana wangu, zamani tulikuwa tunashuka kuchota maji ya shamba. Siku hizi mto wenyewe unapanda kutufuata." Mto ukiwa na kina kidogo, mafuriko yanayofuata hayahitaji mvua kubwa kama ya 2024. Mafuriko yanayaandalia mafuriko njia. Mshale huo nimeuchora kwa wino mwekundu, unatoka kwenye tope na kurudi katikati ya chati.

Baada ya mafuriko serikali iliamuru watu walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Naelewa hofu ya kupoteza maisha zaidi. Ila familia ikiondolewa na tope likaachwa, maji yatawafikia walio mita 40. Kuzoa tope kulipaswa kwenda sambamba na kuwapa watu pa kuishi.

Kinachofuata ni daraja la miguu la karibu na kwetu. Nitapiga alama ya rangi kwenye nguzo, kisha nipime kwa kamba yenye jiwe kutoka kwenye sakafu ya daraja hadi kwenye tope, kabla ya vuli na mara baada yake. Vijana wa usafi wa mto wamekubali kunishikia kamba upande wa pili.