Masika, maranda na vifaranga vyangu

Huku kwetu Mtama, mkoani Lindi, mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Miaka miwili mfululizo niliona jambo lile lile: kiangazi, kusi ikivuma, kuku wangu wa kienyeji wananawiri, masika yakikolea, wanakonda. Nililaumu mbegu, nikalaumu na pumba.

Msimu wa tatu niliingiza vifaranga 60. Mvua ikapiga siku nne bila kukata. Asubuhi ya tano nikavikuta vimejikunyata, mbawa zimelegea, kinyesi chenye damu kimetapakaa juu ya maranda. Nikakimbilia dawa ya minyoo. Ndani ya siku chache vilikufa 19. Inaniuma mpaka leo, maana dawa ile haikuwa na kazi yoyote pale.

Mtaalamu wa mifugo alipofika hakuwashika kuku kwanza. Alichota maranda chini ya chombo cha maji, akayafinya kiganjani. Yakashikana bonge.

"Dada, ugonjwa unaulea mwenyewe hapa."

Akanifafanulia kuwa ile ni koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara damu wa kuku. Vijidudu vyake si minyoo, na dawa yake ni nyingine, kama vile amproliamu. Vikitoka na kinyesi huwa bado haviambukizi. Vikipata unyevu, hewa na joto kama hili letu, siku moja au mbili tu vinakuwa tayari kumezwa. Mayai ya minyoo ya duara huchukua muda zaidi, kama wiki mbili, lakini yakishaiva hukaa kwenye udongo wenye unyevu kwa miezi. Jua kali na ukavu ndivyo vinavyoyamaliza. Kumbe kusi ilikuwa inanifanyia kazi nisiyoijua!

Nilichofanya hakikuwa cha gharama. Nilirefusha paa kwa makuti ili manyunyu yasiingie, nikachimba mtaro nyuma ya banda, chombo cha maji nikakipandisha juu ya tofali. Vifaranga nikavitenga na kuku wakubwa, kwa sababu mkubwa hubeba vijidudu bila kuonyesha dalili. Dawa ya minyoo sasa natoa Novemba, kabla udongo haujalowa, kisha narudia mvua zikiwa katikati.

Masika yaliyopita, kati ya vifaranga 50 nilipoteza vitatu. Kila alfajiri nafinya maranda kama alivyofinya yule mtaalamu. Yakishikana bonge, nayatoa kabla sijabandika chai.