Siku yangu na vifuko vya mchanga, Kigoma

Saa 12:00 asubuhi. Kabla ya chai nimeshika sindano na uzi wa nyavu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, na vifuko hivi ndivyo mizigo wanayoinua watoto wangu wenye mtindio wa ubongo. Jana kifuko kimoja kilifumuka katikati ya zoezi, mchanga ukamwagika sakafu nzima, watoto wakacheka mpaka kazi ikatushinda. Vifuko nashona kwa suruali kuukuu za jinzi. Mchanga nauchota ziwani Kibirizi, nauanika mpaka ukauke kabisa, kisha naupima kwenye mizani ya mama muuza dagaa. Siku ya kwanza aliniuliza mchanga huu nauza kilo bei gani. Nina vya nusu kilo, kilo 1, kilo 1 na nusu, na kilo 2. Jimu yangu ndiyo hiyo.

Saa 2:00. Nimeshuka bajaji Ujiji. Mtoto ninayemfuata ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo uliomkakamaza miguu yote miwili. Anatembea magoti yamekunja, kama mtu aliyetaka kukaa akaghairi. Mama yake ananikaribisha kwa swali ambalo nimeshalizoea: "Dokta, misuli ya mwanangu imekaza tayari. Ukimbebesha mizigo si utaikaza zaidi?"

Simlaumu. Hata sisi wa fiziotherapia tuliamini hivyo kwa miaka mingi. Mafundisho ya Bobath, njia ya kutibu watoto hawa iliyoanzia London, yalitahadharisha kwamba kumpa mtoto kazi nzito kutamwongezea kukakamaa. Tafiti za kuanzia miaka ya 1990 zikapima, na hofu ile haikuthibitika. Nilimweleza mama hivi: msuli uliokakamaa si msuli wenye nguvu. Ubongo uliumia, labda kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, basi amri inafika kwenye msuli vibaya. Msuli unajikaza pasipotakiwa, na ukihitajika kazini unakuta hauna kitu.

Tunaanza. Kigoda, mkeka, na kizibao chenye mifuko ya kutilia mchanga. Zoezi lenyewe ni kuinuka na kukaa, basi. Bibi anahesabu kwa Kiha kutoka mlangoni huku anachambua mchele. Mara 5 za kwanza mtoto ananisimulia habari za mpira. Mara ya 6 ananyamaza. Ya 8 anapanda polepole, magoti yanatetemeka, ulimi umetoka pembeni, vidole vya miguu vimeng'ang'ania mkeka. Ya 9 inamshinda, anarudi kigodani kwa kishindo. Hapo ndipo ninapopataka. Uzito anaoweza kuuinua mara 30 akiongea ni mchezo tu, haujengi msuli. Anapumzika, tunarudia raundi mbili zaidi. Kesho hapana, msuli nao unahitaji siku yake. Keshokutwa tena.

Saa 4:30. Nyumba ya pili, mtoto wa miaka 4 asiyeweza kukaa bila kushikwa wala kuimudu shingo. Mama amesikia habari za mchanga kwa jirani, naye anautaka. Nimemwambia ukweli: huyu yuko ngazi ya 5, ile nzito kuliko zote, katika zile ngazi 5 za kupima mtoto mwenye mtindio anavyojimudu kukaa na kutembea, zilizotungwa Kanada mwaka 1997, na vifuko havimfai. Tumetumia saa nzima kwenye namna ya kumkalisha, kumgeuza ili nyonga zisiharibike, na kumlisha akiwa wima asipaliwe. Sikupenda jinsi alivyoniangalia nilipofunga begi.

Saa 7:00. Ugali na mgebuka wa kukaanga. Nisiulizwe kitu.

Saa 8:30. Kliniki. Amerudi binti wa miaka 12 ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemkimbiza. Alikuwa anapanda ngazi na kilo 1 vizuri, nikaona sifa, ndani ya wiki moja nikampa 2. Magoti yakamuuma, mama akaacha kumleta. Leo nimeanza kwa kuwaomba radhi wote wawili. Mama akasema yaishe. Binti hakusema kitu.

Nikamuuliza yeye, si mama yake, anataka nguvu za nini. Akasubiri mama atoke kwenda kupokea simu. "Nataka kwenda chooni peke yangu." Kwao ni choo cha shimo. Kuchuchumaa anaweza, kuinuka ndiyo mpaka mama aje amvute mkono.

Nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari "kuboresha mwendo". Nimefuta. Mwendo sina uhakika nao, kwa kuwa nguvu zinaweza kupanda na mtoto akaendelea kutembea vilevile. Lakini kuinuka kutoka chini ni kitu tunachoweza kukifanyia mazoezi jinsi kilivyo. Tukatumia benchi fupi, mkono mmoja ukutani, bila mzigo wowote. Kisha tukashusha, kigoda. Kisha matofali mawili. Kwenye matofali aliinuka mara 4 tu, ya 5 akanishika bega.

Saa 11:00 jioni. Kutoka kilo 1 kwenda 1 na nusu ni hatua kubwa mno kwa magoti yale, nahitaji vifuko vidogo. Nimepitia kwa mama wa dagaa na mfuko wangu wa mchanga, nikamwomba anipimie robo robo.

"Robo?" akasema. "Kumbe na kwako biashara imeshuka."