Nilivyofunga taa za kazi nyuma ya pikapu yangu

Kazi yangu ni kusafirisha samaki na barafu kati ya Ngomeni na mjini Malindi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla ya alfajiri, wakati mashua zinaporudi na ufuo ungali giza totoro. Taa mbili za rivasi zilizokuja na gari zilinionyesha bampa na mchanga kidogo tu. Usiku mmoja nilirudi nyuma, nikasikia kelele, nikakanyaga breki; niliposhuka, gurudumu lilikuwa limebakisha shibiri moja kumfikia kijana aliyeinama akipanga makreti. Asubuhi yake nilinunua taa mbili za LED, kila moja ya wati 27.

Wengi huunga taa za aina hii moja kwa moja kwenye waya wa rivasi, nami nilikataa kufanya hivyo. Balbu ya kawaida ya rivasi ni ya wati 21, kwa hiyo mbili hula takriban ampea 3.5; ukiongeza wati zangu 54, ambazo kwa volti 12 ni ampea 4.5, waya ule mwembamba na swichi iliyo kwenye giaboksi hubeba zaidi ya mara mbili ya mzigo wake. Nilitumia rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa; miguu yake huandikwa namba. Mguu wa 30 niliupa umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 10 iliyokaa karibu kabisa na betri, mguu wa 87 nikaupeleka kwenye taa kwa waya wa milimita mraba 2.5, na 85 nikaufunga kwenye bodi ya gari, ambayo ndiyo njia ya hasi. Mguu wa 86, unaoiamsha rilei, ndio ulionisumbua.

Nilitaka taa ziwake zenyewe nikiingiza rivasi, na pia niweze kuziwasha kwa mkono gari likiwa limesimama tukipakia. Kwa hiyo niliunganisha waya wa rivasi na waya wa swichi ya dashibodi pamoja kwenye mguu huo mmoja. Kumbe umeme wa swichi ulipata njia ya kurudi kupitia waya wa rivasi, na kila nilipoiwasha swichi, taa za rivasi nazo ziliwaka hata gia ikiwa huru. Ni kosa la hatari, kwa maana aliye nyuma yako hudhani unamrudia. Nilibadilisha nikaweka swichi ya njia mbili yenye kituo cha katikati: juu rilei husikiliza rivasi, chini huchukua umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa, na katikati hakuna kinachowaka. Nikiwa barabarani huiacha katikati au juu, kamwe si chini, kwa kuwa mwanga mweupe wa nyuma humpofua dereva anayefuata.

Baada ya wiki chache taa zilianza kupepesa. Nilibadilisha rilei bure, kisha nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari hapa mjini, ambaye hakugusa rilei wala fyuzi. Alilala chini ya gari, akaifungua bolti niliyofungia nyaya hasi za taa, akanionyesha.

"Mwanangu, umeme haupiti juu ya rangi."

Chini ya bolti mlikuwa na rangi ya kiwandani niliyoiacha, na juu yake ukoko wa kijani, kwa sababu upande ule wa Gongoni na Ngomeni ni mashamba ya chumvi na upepo wake hula shaba upesi. Tulikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukabana kichwa kipya cha waya, tukapaka grisi juu ya kiungo baada ya kukaza, si kabla. Injini ikinguruma, mita ilisoma volti 13.8 kwenye betri na 13.5 kwenye taa.

Tangu hapo huikagua bolti hiyo kila ninapobadilisha oili, na vijana wa kupakia nawaona wote, hata miguu yao, kabla sijaachia klachi.