Sanduku la Vifaa la Mninga

Kwa jioni nyingi nimekuwa barazani kwangu Kirumba, Mwanza, nikiunda sanduku la kuhifadhia vifaa vya useremala, kazi yote nikiifanya kwa msumeno, randa, patasi na nyundo ya mti. Fremu ni za mninga, mbao ninayoipenda kuliko zote kwa kuwa haichezi sana ikishakauka. Paneli ni za msonobari, ili sanduku lisiwe zito mno.

Ndimi za viungo, yaani ncha zinazoingia kwenye matundu ya kuungia fremu, nilizipa theluthi ya unene wa fremu, yaani milimita 8 kwa 24, na matundu yake nikayachimba kutoka pande zote mbili ili yasimeguke ukingoni. Paneli sikuzitia gundi hata kidogo. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, ilhali urefu wake haubadiliki sana. Kwa hiyo hapa kando ya ziwa, paneli iliyogundishwa pande zote huisukuma fremu masika yanapoingia, na kiangazi hupasuka, kama lilivyopasuka sanduku langu la kwanza, jambo lililoniuma sana. Safari hii paneli zinacheza huru ndani ya mifuo (mifereji iliyochongwa kwenye fremu) ya milimita 10.

Zimebaki bawaba za mfuniko na mafuta ya kitani.