Vizingiti vya nje vya madirisha kabla ya rangi

Ukarabati wa nyumba yetu ya Tanga umefika kwenye vizingiti vya nje vya madirisha, kazi ambayo wengi huiharakisha ili wafikie rangi. Naona ni kosa kubwa, hasa huku pwani. Michirizi myeusi inayoshuka kutoka pembe za dirisha, lipu inayobanduka chini yake na ukungu unaoota ndani ya chumba, mara nyingi husababishwa na maji ya mvua yaliyotua juu ya kizingiti yakakosa njia ya kuondoka, na hakuna rangi, hata ya bei ya juu, inayoweza kuyazuia.

Vizingiti vya zamani vilikuwa vimelala bapa na kuishia sawasawa na ukuta, kwa hiyo tumevibomoa na kumimina vipya. Nilisisitiza mteremko wa kutoka kwenye fremu kwenda nje usipungue sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za upana, na kila kizingiti kitokeze sentimita 4 au 5 nje ya ukuta uliokwisha kupigwa lipu. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa: lipu na niru huongeza unene wa ukuta kwa karibu sentimita 2, hivyo kizingiti kilichotokeza sentimita 3 nje ya tofali tupu hubakiwa na sentimita 1 tu, nayo haitoshi kuyatupa maji mbali.

Lakini sehemu ninayoithamini kuliko zote haionekani mpaka uiname. Maji yakifika ukingoni hayaanguki yote. Mengine hung'ang'ania uso wa chini wa kizingiti na kutambaa kurudi ukutani. Dawa yake ni mfereji mwembamba chini ya kizingiti, karibu na ukingo, ambapo tone hushindwa kuvuka na kulazimika kudondoka. Fundi wetu aliutengeneza kwa kulaza kipande cha nondo ya milimita 12 kilichopakwa mafuta juu ya ubao wa kumiminia zege, kisha akakitoa zege lilipoanza kushika. Gharama yake ni ndogo mno, nami sielewi kwa nini nyumba nyingi mpya zinajengwa bila mfereji huo.

Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo, kamwe usiwe wa ufukweni, kwa kuwa chumvi hula nondo na kuacha madoa meupe juu ya lipu. Zege likishashika, lifunikwe kwa magunia na kumwagiliwa maji kwa siku 7, kwa sababu jua la pwani hulikausha upesi na kulipasua.

Madirisha ya alumini yana matundu madogo kwenye reli ya chini ya kutolea maji, na lipu ikiyaziba, maji huingia chumbani. Fremu ifunikwe kwa utepe kabla ya kazi kuanza, maana saruji mbichi huacha madoa kwenye alumini, na silikoni ipakwe baada ya kizingiti kukauka kabisa.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, mimina jagi la maji juu ya kila kizingiti, kisha tazama kwa chini: maji yadondoke kutoka ukingoni, na ukuta ulio chini yake ubaki mkavu.