Sar, La, Mwezi

Juzi usiku umeme ulikatika, tukatandika mkeka barazani, na binti yangu akautazama mwezi uliokuwa umechomoza nyuma ya mwembe wa jirani. Akaniuliza kama mwezi huo ndio ule ule ambao mama yake huungoja uishe ili mshahara uingie. Nilimjibu kwamba ndio huo huo, kwamba wazee walihesabu siku kwa kuutazama ukiandama na kupotea. Yeye jibu lilimtosha. Mimi nilinyamaza, kwa sababu swali lile tulikwisha kuulizana watu watatu, Januari 2016, katika jiko la bweni la wanafunzi mjini Sendai, Japani, na dirisha la jiko lile sijalisahau.

Egch, jina ambalo kwao maana yake ni dada mkubwa, alikuwa ametoka Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia. Alinizidi miaka mitano, nami sikuona namna nyingine ya heshima ya kumwita. Ako, yaani kaka, alikuwa mtu wa Mandalay, mji wa Burma. Tulianza Kijapani siku moja, darasa moja, lakini ilipofika majira ya baridi walikuwa wameniacha mbali sana. Nilipotaka kusema kwamba kesho nitakwenda sokoni, ilinibidi niibomoe sentensi yangu yote na kuijenga tena kuanzia mkiani, ilhali wao waliondoa tu maneno ya nyumbani na kuweka ya Kijapani mahali pale pale. Egch kwao husema *bi margaash zakh ruu yavna*. Ako kwao husema *kyanaw manetpyan ze thwa me*. Ukizifuata neno kwa neno, zote mbili zinakwenda hivi: mimi, kesho, soko, kwenda. Kitenzi hukaa mwisho, na vijineno vya kuonyesha mahali au uhusiano huifuata nomino badala ya kuitangulia.

Kilichonivutia zaidi kilikuwa maswali. Sisi tunatanguliza "je", au tunabadili sauti tu na swali likaeleweka. Wao wote wawili hulifunga swali kwa kijineno cha mwishoni, na tena hutofautisha: swali la kujibiwa ndiyo au hapana lina kijineno chake, na swali lenye nani, nini au wapi lina kingine. Kimongolia kina *uu* kwa la kwanza na *ve* kwa la pili. Kiburma kina *la* na *le*. Lugha mbili zilizotenganishwa na China nzima, zikigawa maswali kwa kisu kimoja! Kwa ushahidi huo, usiku wa kuamkia siku ambayo sisi watatu tulitakiwa kuzungumza darasani kwa dakika 10 juu ya lugha zetu, nikachora mti kwenye karatasi kubwa: shina moja, matawi mawili, Kimongolia upande huu na Kiburma upande ule. Nikaupeleka jikoni kwa furaha ya mtu aliyewakutanisha ndugu waliopoteana.

Egch alikuwa akichemsha chai yake ya maziwa na chumvi, na sufuria ya wali ya Ako ilikuwa imelifunika dirisha lote kwa mvuke. Ako aliutazama mti kwa muda mrefu bila kusema lolote. Kisha akaniuliza, kwa upole aliokuwa nao sikuzote, ndugu za Kiswahili huyaitaje maji. Nikamwambia kwamba Kinyarwanda husema *amazi*, Kiganda *amazzi*, Kizulu *amanzi*. Akatikisa kichwa, akamgeukia Egch, nao wakaanza kupokezana kama watu wanaohesabu nguo za kufua. Maji: *us*, akasema Egch, *ye*, akasema Ako. Jicho: *nüd*, *myetsi*. Mkono: *gar*, *let*. Walikwenda hivyo mpaka chai ikafurika, na hapakuwa na neno hata moja lililogusana na mwenzake. Mti ulikuwa bado mkononi mwangu, na niliona aibu ya kweli, kwa sababu nilikuwa nimewapangia watu ukoo bila kuwauliza.

Nadhani Egch aliiona aibu hiyo, maana ndipo alipokwenda dirishani. Akaandika kwa kidole katika ule mvuke, kutoka juu kwenda chini, mstari mmoja ulioshuka kama uti wa mgongo wenye vijino ubavuni. Kwao siku hizi mambo mengi huandikwa kwa herufi za Kisirili, kama zile za Kirusi, tangu miaka ya 1940, lakini shuleni alifundishwa maandishi ya kale, na ndiyo aliyoyachagua. "*Sar*," akasema, mwezi. Kisha akaonyesha mkia wa neno na kueleza kwamba maandishi yale bado yanasema *sara*, yanaitunza irabu ambayo vinywa viliiacha zamani. Ako akasogea kando yake na kuandika herufi moja tu, miduara miwili iliyoshikana: *la*, mwezi. Herufi za kwao ni za mviringo, akasema, kwa kuwa wazee waliandika kwa kuchora juu ya majani ya mitende, na mstari ulionyooka ungelipasua jani. Nami nikaandika "mwezi" chini yake. Tukagundua kwamba wote watatu tuna neno moja kwa kile cha angani na kile cha kalenda. Mahali vidole vilipopita, kioo kilikuwa kimesafika, na kupitia maneno yale tuliiona theluji ya uani iking'aa. Hatukusema kitu mpaka herufi zilipoanza kuchuruzika.

Baadaye Ako alinifundisha kwamba *la* yake si moja. Ile ya mwezi ni fupi, hukatwa kooni. *La* ya "kuja" hutulia chini. *La* ya kuuliza hupanda na kurefuka, na hiyo nilikuwa nikiisikia kila jioni alipobisha mlango wangu na kusema *htamin sa pi bi la*, umeshakula wali. Wiki za mwanzo niliisikia kwa sikio la Kiswahili, nikadhani mwishoni ananikatalia jambo. Kimongolia hakina toni hizo. Chenyewe kina irabu zinazosafiri pamoja: kutoka nyumbani, *ger*, ni *gerees*, kutoka mjini, *khot*, ni *khotoos*. Egch alipoyasema haya nilikumbuka kwamba nasi kutoka "pika" tunapata "pikia", lakini kutoka "soma" tunapata "somea", na kwamba nimefanya hivyo tangu utotoni bila mtu yeyote kunielekeza.

Neno moja la pamoja walilipata, na lilikuwa la mgeni. Kwenye jokofu palikuwa na kadi ya monasteri ya Erdene Zuu, na Ako akauliza *erdene* ni nini. Kito, akasema Egch. Vito Vitatu vya Wabudha, kwao ni *gurvan erdene*. Ako akashika kifua. Kwao Vito hivyo ni *yadana*. Neno lilitoka India kwa njia mbili, Kisanskriti *ratna* kupitia Asia ya Kati hadi nyikani, Kipali *ratana* hadi Burma, na kila lugha ikaikwepa ile R ya mwanzo kwa namna yake: Kimongolia kikaitangulizia irabu, Kiburma kikaifanya Y.

Kesho yake tulizungumza darasani bila mti, na mwalimu aliridhika.

Ninakubali kwamba Kimongolia kina familia yake na kwamba Kiburma kimo pamoja na Kitibeti na Kichina katika familia nyingine. Hata hivyo nikikumbuka jinsi wale wawili walivyomaliziana sentensi za Kijapani, mmoja akianza na mwingine akitia kitenzi, naona palikuwa na ukaribu ambao sijapata jina lake, na sina hakika kama nilikosea kuuona au nilikosea kuuita undugu.

Ako alirudi kwao mwaka 2018. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021 aliniandikia mara mbili, kisha kimya. Egch naye hana habari zake.

Haya yote nilimsimulia binti yangu pale mkekani, naye akataka kuzijua zile *la* tatu. Nikazitamka kama ninavyozikumbuka. Akazirudia, fupi, ya chini, ya kupanda, akauliza kama amepatia. Nikamwomba arudie. Akarudia mara nyingi, kwa bidii, mwezi ukiwa umeshauacha mwembe chini, na kila mara nilisikiliza kwa makini nisiweze kumwambia kama ndivyo.