Siku moja ya msoma nyota Mtwara: wachumba wasiojua saa waliyozaliwa

Saa 12:30 asubuhi
Shangani jua limeshatoka, chai iko mezani, simu inalia. "Dada shikamoo. Naomba utuangalizie nyota, mimi na mchumba wangu, kama zinaendana." Chini ameweka tarehe mbili. Saa hakuna. Wengi huja hivyohivyo, na wenzangu kadhaa kwenye kazi hii hujaza saa yoyote ili chati, yaani mchoro wa anga wa wakati mtu alipozaliwa, ijae, kisha wanasoma kila kitu kwa kujiamini. Mimi sijazi. Nasoma kinachosomeka, kingine nakiacha.

Saa 2:00
Kabla ya wachumba hao, nina kijana wa Chuno. Yeye ana saa, au tuseme ana namba. Picha ya kadi yake ya kliniki inasomeka "2:15", basi. Haisemi asubuhi wala usiku, wala kama ni saa ya kwetu au ya kizungu. Kwa hiyo huenda alizaliwa saa mbili na robo asubuhi, saa mbili na robo usiku, saa nane na robo mchana, au saa nane na robo usiku wa manane.

Tofauti hiyo si ndogo. Buruji (moja ya zile nyota 12, kama Ng'ombe, Mapacha au Kaa) inayochomoza mashariki, ambayo ndiyo inayopanga nyumba, yaani sehemu, zote 12 za chati, hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Ukikosea saa sita, umeruka buruji tatu. Na hapa kwetu, digrii 10 kusini mwa ikweta, zinachomoza kwa mwendo unaokaribiana. Kule London kuna buruji zinazopita chini ya saa moja na nyingine karibu saa tatu. Mwezi, kwa upande wake, ndani ya saa sita unasogea digrii tatu na kidogo tu. Kwa hiyo hata kabla hatujajua lolote zaidi, Mwezi wake ninao, ilimradi usiwe mpakani mwa buruji.

Namwambia ampigie mama yake mdogo amuulize jambo moja tu: kulikuwa giza au mwanga? Anarudi na jibu kwamba babu alipata habari akijiandaa kwenda shambani, umande haujakauka. Asubuhi, basi. Kati ya zile nne, asubuhi ni moja tu.

Saa 4:00
Wachumba sasa. Mwanaume ni wa Agosti 1999. Mwanamke alizaliwa Newala, nyumbani, tarehe 21 Juni 2001. Cheti chake kina tarehe na mahali, saa hakina. Nilipoiona tarehe hiyo niliweka kikombe chini.

Ni siku ya kupatwa kwa Jua. Zambia, Zimbabwe, Msumbiji na Madagaska kuna sehemu zilizofunikwa kabisa. Huku kusini mwa Tanzania Jua lilimegwa tu, alasiri. Na siku hiyohiyo Jua liliingia Kaa saa 4:38 asubuhi kwa saa zetu. Mwezi nao ulitoka Mapacha ukaingia Kaa mchana, karibu saa 8:40. Kwa mtu asiyejua saa yake, ni vigumu kupata siku mbaya kuliko hiyo: hata "nyota yangu ni ipi?" hana jibu la moja kwa moja.

Kwa kawaida, saa isipojulikana naweka saa sita mchana. Hainipi ukweli, inanipa katikati. Mwezi husafiri digrii 12 hadi 15 kwa siku, kwa hiyo ukiuweka katikati hukosei zaidi ya digrii saba na nusu upande wowote. Halafu naangalia ulikuwa wapi siku inaanza na siku inaisha. Kama ni buruji ileile, naisema. Kama zimekuwa mbili, nazitaja zote mbili, sichagui ya kumfurahisha mteja.

Saa 6:00
Mzee mmoja jirani amepita, kaona kompyuta, kacheka. "Saa ya nini? Chukua jina lake na la mama yake, piga hesabu ya abjadi, toa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo buruji yake." Ni elimu ya pwani hii, ina wenyewe, na kweli haihitaji saa. Ila ni hesabu ya jina, kila herufi na namba yake. Mimi nasoma anga, na sizichanganyi mbili hizo kwenye karatasi moja. Nikamkaribisha korosho, tukahamia kwenye bei ya korosho.

Saa 8:00
Nampigia mama wa binti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Saa hakumbuki, ila jua kuliwa anakumbuka vizuri sana. Mtoto alikuwa ameshaoshwa, amelala, watu wakawa wanaitana nje. Na kabla ya hapo? "Adhana ya adhuhuri ilinikuta nahangaika."

Kumbe ni kati ya adhuhuri na alasiri. Huku mwezi Juni adhuhuri huingia saa sita na dakika ishirini na kitu, kwa hiyo Jua lake limeshaingia Kaa, hilo nimelifunga. Mwezi bado: kama ni kabla ya saa 8:40 ni Mapacha, kama ni baada ni Kaa. Nikamuuliza kama mtoto alipolala jua lilikuwa limeanza kufifia. "Mwanangu, mimi nilikuwa nauangalia mlango?" Tukaishia hapo. Kuna wanaorekebisha saa kwa kupima misiba, ajira na safari za mtu hadi wapate dakika. Kwa mtu wa miaka ishirini na kitu, matukio yenyewe hayajatosha, na wachumba wenye haraka hukumbuka chochote unachotaka wakumbuke.

Saa 10:00
Uzuri wa chati za wawili ni kwamba mambo yenye uzito mara nyingi hayaangalii saa. Siku ile ya 2001 Zuhura (Venus) ilikuwa katikati ya Ng'ombe, na Agosti 1999 Zohali (Saturn) ilikuwa karibu na digrii ya 17 ya Ng'ombe hiyohiyo. Zohali ya mwanaume imekaa juu ya Zuhura ya mwanamke. Zuhura hutembea kama digrii moja kwa siku, Zohali hata haifiki. Awe alizaliwa alfajiri au usiku, mkutano huo hautoki. Sisi tunausoma kama mapenzi yenye wajibu: hudumu, ila mmoja huhisi anapimwa kila siku.

Nyumba ya saba, ile ya ndoa, sijaigusa, maana nyumba zinataka saa. Chati ya pamoja nimeitoa kwa sayari tu, bila nyumba. Ile ya mnajimu Mwingereza Ronald Davison, inayotafuta katikati ya muda na ya mahali pa wote wawili, nimeiacha: saa ya mmoja ikiyumba kwa saa 12, wakati wa chati nzima unayumba kwa saa sita.

Saa 1:30 usiku
Nimetuma sauti, dakika kama kumi. Mwezi nimewasomea kwa njia mbili, wachague wenyewe inayofanana na binti akiwa na hasira. Wamecheka, wamesema ni Mapacha. Sikuandika.

Kisha akapiga mjomba wa binti, maana huku mjomba ndiye mwenye neno. Alitaka kujua kama nyota zinasema mahari itakamilika. Nikamwambia hiyo haimo, mjomba, muulizeni kijana.